Bibi, sizamii Ulaya, naenda kuona meli

Onga mshi wadau. (Ndiyo salamu ya mchana ya kwetu Usambaani, mtakaoitikia kwa Kiswahili nawasamehe.) Nimepotea hapa siku nyingi, mitihani ilinikaba koo. Sasa karatasi ya mwisho imekwisha, napumua, na nina stori.

Jumapili nilimpigia bibi yangu kule Mgwashi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, chuo kinasemaje?" Nikamwambia mambo safi, na kwamba likizo hii kabla sijapanda nyumbani nitapitia Unguja na wenzangu watatu, tunakwenda kuzamia meli. Kimya. Nikadhani salio limekata. Kumbe bibi alikuwa ameshika kichwa! Kwake yeye, kama kwa Watanzania wengi, anayezamia meli ni yule kijana anayejificha kwenye shehena bandarini ili aibukie Afrika Kusini au Ugiriki, na mara nyingi haibuki popote. Nikaanza kujieleza: hapana bibi, sizamii Ulaya, hizi meli zenyewe zimezama zamani, sisi tunavaa mitungi ya hewa tunashuka kuzitazama.

Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Sasa meli imezama, imetulia zake, wewe unaifuata huko chini ukatafute nini?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilibabaisha kitu kuhusu historia, akacheka, akaniombea dua, tukaagana. Lakini swali lilinikaa. Na kwa kuwa kwenye kikundi chetu mimi ndiye mtu wa historia, nilikuwa tayari nimeshapewa kazi ya kuwaandalia wenzangu desa la kila meli. Kwa hiyo haya hapa chini ni desa na ni jibu la bibi kwa pamoja. Nikifika nyumbani nitamsomea.

Kwanza timu. Mwenzangu wa chumbani ni mtoto wa Makunduchi, huyo amezaliwa majini, hatumhesabu. Kuna jamaa wa uhandisi, na kuna mdada wa jiolojia kutoka Arusha ambaye anaogelea kutuzidi wote lakini hajawahi kuogelea baharini hata siku moja. Halafu mimi. Kule kwetu maji ni ya mto, yana baridi ya kukata mfupa na mara nyingi hayafiki magotini. Kuogelea nimejifunza ukubwani, tena kwenye bwawa. Jamaa wa uhandisi kila siku ananipigia kelele: "Msambaa na bahari wapi na wapi!" Hapo ndipo huwa namkatisha, namwambia kaka soma historia. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wetu aliyekaa Vugha, katikati ya karne ya 19 mamlaka yake yaliteremka milimani yakafika mpaka pwani ya Tanga na Pangani, akigawana utawala na Sultani wa Unguja kwa namna ambayo mmisionari Krapf, aliyefika Vugha mwaka 1848, aliishangaa. Kwa hiyo bahari tunajuana nayo zamani. Kuogelea ndiyo bado.

Kuhusu mipango nitapita haraka. Bila cheti huruhusiwi kuchukua mtungi ukaondoka nao, lazima ukae kozi siku tatu nne, na cheti cha mwanzo kinakupa ruhusa ya kushuka mita 18 tu. Mwenye mafunzo zaidi anafika 30, na mwisho kabisa kwa watu wa kawaida ni mita 40. Sababu ni hesabu ndogo tu: kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyoko juu yetu. Kwenye mita 40 hewa ya mtungi inakwenda mara tano ya ile unayotumia juu. Pia lazima uangalie pepo. Masika maji yanachafuka, na kusi ikivuma bahari inakuwa na hasira upande mmoja wa kisiwa. Mmakunduchi anasema twende kaskazi ikiwa imetulia, na kwa mambo ya pepo sibishani na mtu wa Makunduchi.

Haya, twende kwenye meli zenyewe.

Ya kwanza ni Glasgow. Hii haina shida ya kina, ipo hapo hapo mbele ya Mji Mkongwe, ila kilichobaki ni vipande. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikavunja merikebu za Sultani Barghash. Akaagiza nyingine Uskoti, ikatengenezwa Dumbarton kwa kuiga manowari moja ya Kiingereza yenye jina hilo hilo la Glasgow, ikashushwa majini mwaka 1878. Ilikaa bandarini kama pambo. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kutoka katika jumba la kifalme baada ya kujitangaza Sultani, manowari za Waingereza zikafyatua mizinga saa tatu na dakika mbili asubuhi. Glasgow ikajaribu kujibu. Meli ya pambo dhidi ya manowari za vita, unategemea nini? Ikazamishwa, na vita yote haikumaliza saa nzima. Wengi wanaitaja kwa dakika 38. Maji yalikuwa mafupi, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji, kila anayeingia bandarini anaiona, kwa zaidi ya miaka kumi na tano, mpaka mwaka 1912 ilipovunjwavunjwa na mabaki kutupwa mbali. Mtu anaweza kusema Waingereza walisahau kuiondoa. Mimi nadhani iliachwa isomeke. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akasafirishwa kwa siri hadi Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Akapelekwa uhamishoni Seychelles na St Helena, akaja kufia Mombasa mwaka 1927. Usisahau mwaka huo wa 1916, tutaurudia.

Ya pili ni Great Northern. Hii ndiyo saizi yetu. Ilikuwa meli ya kulaza nyaya za simu chini ya bahari. Unguja iliunganishwa na dunia kwa waya wa baharini mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea kusini mpaka Durban, na meli za namna hii ndizo zilizokuwa zikitandaza na kutengeneza nyaya hizo. Mkesha wa mwaka mpya wa 1902 ikapanda mwamba wa Fungu, ikaishia hapo. Hakukuwa na vita wala risasi. Iko kwenye mita 12 hivi, matumbawe yameshaishona, samaki wamefanya nyumba. Kwa wanafunzi wenye cheti cha wiki moja ndiyo meli yenyewe.

Jamaa wa uhandisi hakuridhika. "Waya wa simu? Mimi nataka manowari!" Anataka Pegasus. Na hapa ndipo nilipoenda maktaba kwa nia ya kumvunja nguvu kwa hoja ya kina cha maji, nikatoka na kitu kingine kabisa.

Pegasus ilikuwa manowari ya Kiingereza, ilishushwa majini mwaka 1897, kwa hiyo mwaka 1914 ilikuwa imeshazeeka. Adui yake ilikuwa Königsberg ya Wajerumani, iliyoshushwa mwaka 1905 na kufika Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache tu kabla vita havijaanza. Watu wa pwani walipoiona wakaipa jina kwa kuhesabu dohani zake: Manowari na Bomba Tatu. Nalipenda sana jina hili. Wengine wanaandika tani na urefu, Mswahili anahesabu anachokiona, na hakosei.

Vita vilipoanza Agosti, Königsberg ilikuwa imeshatoka baharini na kuikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imejaa chai. (Mtu wa Bumbuli ukisoma hapo lazima utabasamu.) Pegasus nayo ikawa inazunguka pwani yetu, ilihusika kuipiga Dar es Salaam na ikafika mpaka Tanga. Lakini mashine zilichoka, boila zilihitaji kusafishwa, ikaingia bandari ya Unguja kutengenezwa. Meli isiyo na moto kwenye boila haikimbii. Königsberg ikapata habari.

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, saa kumi na moja na dakika chache, Manowari na Bomba Tatu ikatokea upande wa kusini wa bandari na kuanza kupiga. Ilikuwa na mizinga kumi inayofika mbali. Pegasus ilikuwa na minane inayofika karibu. Yaani mmoja ana mkono mrefu, mwingine amefungwa kwenye nguzo. Ndani ya dakika chache mizinga ya Pegasus ilikuwa imenyamaza. Königsberg ikaizamisha pia boti ya doria iliyokuwa ikilinda mlango wa bandari, ikadondosha mapipa yaliyojaa mchanga ili Waingereza wadhani ni mabomu ya baharini, ikaondoka zake. Pegasus ikazama siku ile ile. Watu 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Mabaharia 24 kati yao wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo ukikaa Forodhani unakiona kwa mbali, ambacho wenyewe wanakiita Kisiwa cha Makaburi.

Meli yenyewe iko kwenye kama mita 40. Mwaka 1955 mabaki yake yaliuzwa kwa watu wa chuma chakavu. Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza kwa mhandisi ilikuwa rahisi: kina hicho si chetu, cheti chetu hakifiki hata nusu. Hoja ya pili nilikuwa nimeiandaa kwa mbwembwe: kwamba ni mahali walipofia watu, hatuendi kupiga picha za kucheka. Akanijibu, "Sawa, lakini mizinga yake iko wapi? Nimeona video, mbona haionekani?"

Swali zuri. Mizinga haipo kwa sababu iliopolewa. Waingereza waliitoa majini, mingine wakaifunga magurudumu na kuiingiza kwenye vita vya bara. Na Wajerumani wakafanya hivyo hivyo kwa mizinga ya Königsberg. Nikifuata mizinga hiyo kwenye ramani, kidole changu kikawa kinapanda, kinapanda, mpaka kikafika chini ya milima ya kwetu. Pale maktaba nilikaa kimya kama bibi kwenye simu.

Mambo yalikwenda hivi. Baada ya kuipiga Pegasus, Königsberg ikaharibikiwa mashine, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Makaa ya mawe yalikuwa yamekwisha. Ujerumani ikatuma meli, Rubens, iliyojigeuza kuwa meli ya Denmark na kujiita Kronborg, ikiwa na makaa kwa ajili ya Königsberg na silaha kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza ikaikuta kaskazini ya Tanga, ikaikimbiza mpaka ndani ya ghuba ya Manza. Nahodha akafanya akili: akaiingiza maji mwenyewe ikae chini kwenye maji mafupi, akawasha moto juu. Waingereza wakaona moshi, wakadhani imekwisha, wakaondoka. Makaa hayakuwa na faida tena. Ila bunduki na risasi zikaopolewa kwa wiki kadhaa na wapiga mbizi.

Wapiga mbizi! Wadau, mimi nilidhani sisi ndio tutakuwa wa kwanza kutoka mkoa wa Tanga kushuka kwenye meli iliyozama. Kumbe mwaka 1915, Manza, watu walikuwa kazini. Mzigo ukapelekwa Tanga, ukapakiwa kwenye reli ya Usambara, ile ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ikipita Korogwe na Mombo, chini kabisa ya miguu ya milima yetu. Risasi zilikuwa zimelowa chumvi. Kule Moshi askari walikaa miezi mizima, asubuhi mpaka jioni, wakifungua risasi moja moja na kuzisafisha.

Königsberg yenyewe ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915, ndani ya Rufiji, kwa mizinga ya boti mbili bapa za kivita zilizoongozwa na ndege kutoka Mafia. Mjerumani akaizamisha mwenyewe kabla haijachukuliwa. Kisha mizinga yote kumi ikatolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu kwenye karakana. Kutoka hapo ikatawanyika nchi nzima.

Sasa fikiri. Reli ya Kati na reli ya Tanga wakati huo zilikuwa hazijaungana. Ziliunganishwa mwaka 1963, sisi tuko huru tayari. Mzigo wowote wa vita uliotoka reli moja kwenda nyingine ulipita porini, kwa kichwa na kwa kamba. Wajerumani walijenga mpaka kijireli cha vigari kutoka Mombo kuelekea Handeni kupunguza shida hiyo. Hata hivyo Machi 1916 mzinga mmoja wa Königsberg ulikuwa Kahe, karibu na Moshi, ukiwapiga Waingereza waliokuwa wanateremka kutoka mpaka wa Kenya. Ulilipuliwa na wenyewe walipokuwa wanarudi nyuma. Mzinga wa baharini, uliokuwa umelala kwenye matope ya Rufiji, umekufa unatazama Kilimanjaro. Jeshi la Smuts likafuata reli ile kushuka, na Juni 1916 likawa limeingia Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Septemba wakachukua Dar es Salaam. Ndio mwaka ule aliokamatwa Khalid.

Nani alikokota? Vitabu vingi nilivyofungua vinajua jina la kila nahodha. Looff wa Königsberg, Ingles wa Pegasus, Christiansen wa Rubens. Mzinga unaandikwa kwamba "ulipelekwa". Kiswahili kina hii kauli ya kutendwa ambayo ni rahisi sana kumficha mtu ndani yake. Ulipelekwa na nani? Na mamia ya watu kwenye kamba moja.

Na kwetu kuchukuliwa kazi kwa lazima hakukuanza na vita. Mwaka 1907, huko huko Wilhelmstal, Wajerumani walianzisha kipande: kila mwanamume anapewa kadi, na ndani ya miezi minne lazima awe amefanya siku 30 kwa mlowezi. Kwa hiyo vita vilipokuja serikali ilikuwa imeshazoea kujua nani yupo kijiji gani na ana mgongo wa namna gani.

Upande wa Waingereza ndiyo Kariakoo. Hili wengi mnalijua lakini acha niliseme, kwa sababu Jumamosi tulikwenda huko huko Kariakoo kutafuta miwani ya kupigia mbizi ya mitumba. Tunasukumwa na mikokoteni, mmoja anaita "bei chee", mwingine anatukanyaga, na mimi kichwani nina kambi ya wapagazi wa jeshi iliyokuwa hapo hapo, Carrier Corps, ulimi wa Kiswahili ukaifanya Kariakoo. Makadirio ya kawaida ni kwamba upande wa Waingereza peke yake wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Linganisha na 38 wa Pegasus. Sipunguzi uzito wa wale 38, kila mmoja alikuwa na mama yake. Lakini wao wana kisiwa, wana orodha ya majina. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika kwa makumi ya maelfu waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya. Imechukua miaka mia na zaidi kuandika sentensi hiyo.

Jioni ile nikampigia bibi tena. Sikumwambia habari za ripoti. Nilimuuliza tu: bibi, kwetu kuna mtu alikwenda vita vya Mjerumani? Akajibu bila hata kufikiri, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi. "Babu yangu mimi. Alishuka Mombo na mzigo." Nikasubiri. "Halafu?" "Halafu nini? Ndiyo hiyo. Alishuka Mombo na mzigo."

Basi. Hakuna tarehe wala kaburi, na mzigo ulikuwa wa nini haijulikani. Mkewe alibaki na watoto wawili, mmoja ndiye aliyemzaa bibi. Sisemi alikokota mzinga wa Königsberg, hiyo itakuwa kupamba. Nasema tu kwamba miaka yote nimepita Mombo kwenye basi, tunasimama, tunanunua matunda dirishani, tunaanza kupanda kona za kwenda Soni, na sikuwahi kujua kwamba ndipo hapo kwetu palipokatika mtu.

Nikarudi kwa wenzangu na pendekezo, tukabishana mpaka saa sita usiku. Mhandisi alitaka walau boti itupitishe juu ya Pegasus, hata tusiposhuka. Mdada wa jiolojia akasema kupita juu ya maji ya buluu usione kitu na ulipie mafuta ni wazimu. Mmakunduchi akasema kitu kilichonigusa: kwamba yeye amekua anaitazama Chapwani kama kisiwa cha watalii, kuna hoteli, na hajawahi kukanyaga. Tukakubaliana hivi. Siku nne za kozi. Siku ya tano Great Northern, mita 12, asubuhi, kila mtu na mwenzake asimwache. Siku ya sita Chapwani, kwa ngalawa au boti ndogo, tukasome hayo majina. Glasgow tutaitazama kutoka Forodhani tukiwa na sahani ya urojo, inatosha. Pegasus tumeiacha ilale.

Halafu kuna jambo lililonichekesha mwenyewe. Ukitoka kupiga mbizi huruhusiwi kupanda juu haraka. Mwili unakuwa umenyonya naitrojeni kwenye damu, ukipanda ndege au mlima mapema inatoka kama soda iliyofunguliwa, unaweza kupooza. Ukipiga mbizi mara kadhaa unashauriwa usubiri angalau saa 18, na wanahesabu kupanda juu kuanzia mita 300 tu. Lushoto mjini ni kama mita 1,400! Kwa hiyo mtoto wa Mgwashi hawezi kutoka Fungu akarukia basi la milimani. Lazima bahari imtoke kwanza. Tumekuwa na Chapwani siku ya sita, hiyo inasaidia, lakini mimi nimeongeza usiku mmoja Tanga. Nitakwenda kuitazama ghuba ya Manza, nikae ufukweni, nisiguse maji. Mhandisi amesema atanisindikiza, kwa sababu bado ana hamu na mizinga. Nimemwambia hamu hiyo aende nayo Fort Jesus, Mombasa, kuna mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg, imekaa jirani kama wazee waliosahau waligombania nini.

Bibi ameuliza kama huko chini kuna baridi. Nimemwambia maji ya Unguja ni ya uvuguvugu, tofauti na mto wa kwetu. Akasema basi nikirudi nishukie Mombo mchana, nisishuke usiku, na nimletee chumvi ya mawe na vitambaa viwili vya leso, kimoja chake, kingine hakusema cha nani.

Hali ya maandalizi hadi leo: miwani imepatikana mitatu, wa nne unavuja pembeni, fundi anaupaka gundi. Nauli ya boti tunayo. Hela ya kozi ya mtu mmoja bado haijatimia, na mtu huyo ni mimi, nasubiri bumu. Likitoka nitawajulisha.